Tuwasaidie Wahadzabe Bila Kuzivunja Familia Zao

Kwa miaka mingi sasa, katika vijiji vinavyopakana na Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda, jambo moja limekuwa likijirudia. Watoto wa Kihadzabe huandikishwa shule, hupewa sare na madaftari, hukaa darasani kwa majuma machache, kisha baadhi yao hutoweka. Daftari la mahudhurio huandika neno moja tu: mtoro. Mtendaji wa kijiji huarifiwa, wazazi hutafutwa porini, na mara nyingine mgambo hutumwa. Mtoto hurudishwa, na baada ya muda hutoweka tena.

Neno hilo "mtoro" ndilo linalofaa kuchunguzwa kwanza. Katika lugha yetu mtoro ni mtu aliyekimbia wajibu wake. Lakini mtoto wa miaka minane aliyeondoka bwenini na kutembea kutwa nzima kuifuata kambi ya bibi yake amekimbia nini, na amekimbilia nini? Mwalimu au afisa ustawi wa jamii asiyejiuliza swali hilo hawezi kumsaidia mtoto huyo, hata akipewa gari, posho na miongozo yote ya wizara.

Makala haya yanawalenga hasa watumishi wa umma na walimu, kwa sababu wao ndio sura ya Serikali machoni pa Wahadzabe. Mhadzabe hamwoni Waziri. Humwona mwalimu, mganga wa zahanati, afisa maendeleo ya jamii na afisa wanyamapori. Hao wakiingia kambini kwa dharau, basi kwake Serikali nzima imeingia kwa dharau.

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI?

Wahadzabe ni watu wachache sana. Idadi yao inakadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 1,500, nao huishi katika wilaya za Mbulu, Karatu na Mkalama, na katika maeneo mengine machache yanayozunguka Ziwa Eyasi. Sehemu yao huendelea kujipatia riziki kwa kuchimba mizizi, kuchuma matunda na ubuyu, kurina asali na kuwinda kwa upinde. Lugha yao ina sauti za kidoko cha ulimi, na wataalamu hawajaweza kuthibitisha undugu wake na lugha nyingine yoyote duniani. Zamani waliitwa Watindiga au Wakindiga, majina waliyopewa na wengine. Afisa anayekwenda kuwahudumia na aanze kwa kuwaita kwa jina lao wenyewe.

Juhudi za kuwatoa porini na kuwaweka mahali pamoja hazikuanza na Uhuru. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilijaribu zaidi ya mara moja, nayo ikashindwa. Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1964 na 1965, Serikali yetu nayo, ikisaidiwa na wamisionari, iliwakusanya Wahadzabe wengi na kuwapeleka Yaeda Chini ili walime, wapate zahanati na watoto wao wasome. Nia ilikuwa njema. Nchi ilikuwa changa, na viongozi hawakutaka kumwona Mtanzania hata mmoja akiachwa nyuma. Lakini watu waliozoea kuishi katika kambi ndogo zilizotawanyika walirundikwa pamoja ghafla, wakala chakula wasichokizoea, na magonjwa ya kuambukiza yakawashambulia. Wengi walifariki. Haukupita muda mrefu waliosalia wakarudi porini.

Ni kosa kubwa kuisoma historia hiyo kana kwamba Wahadzabe waliyakataa maendeleo. Walikimbia mauti. Mama aliyewazika watoto katika kijiji kipya asingeweza kuaminishwa kwa hotuba kwamba kijiji kile ndicho wokovu wake. Tena hadithi za aina hiyo hazifi pamoja na waliozishuhudia. Husimuliwa kwa watoto na wajukuu. Afisa kijana anayeingia kambini leo akiwa na fomu mkononi anaingia katika kumbukumbu hiyo, ajue asijue.

Wala si Wahadzabe peke yao waliobeba mzigo wa mipango iliyopangwa mbali nao. Mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yaliyoendeshwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho bora ya wafugaji wa Kibarbaig katika miaka ya 1970 na 1980. Wafugaji waliobanwa huko walitafuta nyasi kwingine, na baadhi yao wakaingia Yaeda. Hivyo mkate uliookwa mjini ulipunguza asali, mizizi na wanyama katika bonde la watu ambao hawakuwahi kuuonja. Mtumishi wa umma anayetaka kujua kwa nini familia fulani ya Kihadzabe ina njaa hana budi kuufuata mnyororo huo wote, asiishie kuandika kwamba wazazi ni wavivu.

YALIYOTOKEA KWA WENZETU

Mataifa mengine yaliyoifuata njia ya kumwokoa mtoto kwa kumtenga na wazazi wake yameifikia mwisho wake, nayo yamejuta. Nchini Australia, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita hadi miaka ya 1970, maafisa wa serikali na watu wa makanisa waliwachukua watoto wa wenyeji wa asili na kuwalea katika makao na katika nyumba za Wazungu. Tume iliyochunguza jambo hilo ilitoa taarifa yake mwaka 1997. Ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1910 na 1970 walichukuliwa kati ya mtoto mmoja katika kila 10 na mtoto mmoja katika kila 3 wa wenyeji hao. Tarehe 13 Februari, 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya Serikali.

Kanada nayo iliwapitisha watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa asili katika shule za bweni zilizokusudiwa kuwasahaulisha lugha na desturi za wazazi wao. Serikali yake iliomba radhi mwezi Juni, 2008, na tume ya ukweli na maridhiano ilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2015.

Waliofanya kazi hiyo, wengi wao, hawakujiona kuwa wakatili. Walikuwa watumishi wenye vyeo, mafaili na imani kwamba wanatenda wema. Walioamini kwamba mtoto aliyelala chini ya mti ametupwa hawakuona haja ya kumwuliza mama yake. Matokeo yake ni kwamba hadi leo, katika Australia, afisa anayekwenda kuisaidia familia ya wenyeji wa asili hupokewa kwanza kwa hofu, kwa kuwa mwenzake wa zamani alikuja na gari la kuchukua watoto. Kazi yake ya mwanzo, kabla ya ushauri wowote, ni kuijenga upya imani iliyovunjwa. Ndiyo sababu sheria za majimbo ya huko zimeweka kanuni kwamba mtoto akihitaji ulinzi, atafutiwe kwanza ndugu zake, kisha watu wa jamii yake, kabla hajapelekwa kwa mgeni.

Tanzania haikufanya dhambi ya ukubwa huo. Lakini si vema kujivuna. Fikra kwamba maisha bora ya mtoto wa porini huanza pale anapotengwa na kambi yake ipo pia kwetu, na husemwa waziwazi katika vikao. Fikra hiyo ni kasumba, na chimbuko lake ni la kikoloni.

FAMILIA YA KIHADZABE IPO

Tatizo la kwanza la afisa wetu ni kwamba akifika kambini haioni familia aliyofundishwa kuitambua. Hakuna nyumba ya bati, hakuna mkuu wa kaya wa kutia sahihi, hakuna mzee mmoja anayesema kwa niaba ya wote. Wahadzabe hawana machifu. Kambi aghalabu huwa na watu 20 au 30, na hubadilika watu wanapohama au kutembeleana. Kwa mtu aliyezoea fomu yenye mstari wa "Jina la Mkuu wa Kaya", hayo huonekana kuwa vurugu.

Kumbe ni utaratibu. Katika miaka ya 1980 wataalamu Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa miongoni mwa Wahadzabe wakipima nani anatafuta chakula gani na kwa muda gani. Waliona kwamba mabibi, wanawake waliokwisha kuacha kuzaa, walikuwa miongoni mwa watu wenye bidii kuliko wote kambini. Mama anapojifungua na uwezo wake wa kwenda porini kupungua, afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa hutegemea sana mizizi inayochimbwa na bibi yake. Kutokana na uchunguzi huo imezuka nadharia inayojadiliwa katika vyuo vikuu duniani, kwamba kazi ya bibi ndiyo mojawapo ya sababu zilizomfanya binadamu aishi miaka mingi baada ya umri wa kuzaa.

Basi tujiulize: afisa anayetaka kuisaidia familia ya Kihadzabe aanze na nani? Bila shaka aanze na bibi. Mtoto akipelekwa bweni lililo mbali, bibi huyo hupoteza mkono wa kumsaidia, na mtoto hupoteza mwalimu wake wa kwanza. Mtoto wa Kihadzabe huanza mapema kujichumia matunda na ubuyu, huku akijifunza majina ya mimea na nyayo za wanyama. Hiyo ni elimu, tena ni ya kujitegemea kwa maana halisi. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa mwaka 1967 kuhusu Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kumtenga kijana na jamii iliyomlea na kumfanya ayadharau maarifa ya wazee wake. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa sisi, tunaoutaja waraka huo kila tunapozungumzia elimu, tutamfanyia Mhadzabe lile lile tulilolikataa kutoka kwa Mwingereza.

HOJA ZA WANAOPINGA

Kuna wanaosema kwamba Mtanzania ni Mtanzania, na kwamba kumshughulikia Mhadzabe kwa namna ya pekee ni kuleta ukabila. Hoja hii inastahili heshima, kwa sababu umoja wetu haukupatikana bure. Lakini usawa maana yake ni kila mtu kufikiwa na haki ile ile, hata kama njia za kumfikia zinatofautiana. Hatumtuhumu mwalimu wa viziwi kwa ubaguzi anapofundisha kwa ishara. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopiga kura ya kuliunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili mwezi Septemba, 2007. Aidha, wizara yenye dhamana ya ustawi wa jamii tangu mwaka 2022 inabeba katika jina lake maneno "Makundi Maalum". Maneno hayo yawe na maana mpaka chini ya mbuyu, yasiishie kwenye kibao cha ofisi pale Dodoma.

Kuna pia wanaosema: mbona watoto wao wanakufa? Mbona pombe inawaangamiza? Hayo ni kweli, na haifai kuyafunika kwa kusifia maisha ya porini kama wafanyavyo baadhi ya watalii. Takwimu zilizokusanywa na Blurton Jones na wenzake katika robo ya mwisho ya karne iliyopita zilionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya watano alifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mama aliyempoteza mtoto kwa ugonjwa unaozuilika hahitaji kuambiwa kwamba maisha yake ni ya kuvutia. Anahitaji chanjo, dawa na mkunga. Kinachobishaniwa hapa ni mahali pa kuvitoa. Chanjo inaweza kubebwa kwa pikipiki mpaka kambini. Si lazima kambi ivunjwe ili ifuate sindano.

Ama kuhusu pombe, na tuulize inatoka wapi. Katika sehemu za Eyasi zinazotembelewa sana na watalii, fedha za maonyesho huingia kambini asubuhi, na muuza pombe hufika jioni. Afisa ustawi wa jamii anayemkemea baba mlevi na kumwacha muuza pombe na mpangaji wa ziara amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

WAJIBU WA MTUMISHI

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wake. Haki hizo mbili zinakwenda pamoja. Mtoto anayepigwa, anayeteswa au aliye katika hatari sharti alindwe, awe Mhadzabe, Mgogo au mtoto wa Katibu Mkuu. Desturi haiwezi kuwa kisingizio cha kumwumiza mtoto. Lakini umaskini wa vitu si ukatili, na kulala chini ya mti si kutupwa. Afisa asiyeweza kutofautisha mambo hayo ni hatari kwa familia anazozihudumia.

Yapo mambo kadhaa yanayoweza kufanywa bila kusubiri bajeti kubwa. La kwanza ni kukaa. Afisa anayefika kambini mara moja kwa mwaka, akapiga picha na kuondoka, hajafanya kazi ya ustawi. Afike tena na tena, aketi, asikilize, asaidie hata kuchota maji, mpaka watoto wasikimbie wanapouona uso wake. Wakubwa wake wa wilayani nao waache kumpima kwa idadi ya fomu zilizojazwa.

La pili ni lugha. Mtoto wa Darasa la Kwanza anayesikia Kiswahili kwa mara ya kwanza siku anayoingia darasani ameshindwa kabla hajaanza. Awepo mtu mzima wa Kihadzabe shuleni, alipwe, amsaidie mwalimu katika madarasa ya mwanzo. Kiswahili hakitapungua chochote kwa kuingia masikioni mwa mtoto kupitia sauti anayoiamini.

La tatu ni ratiba na bweni. Ni nani aliyeamuru kwamba likizo ya shule iliyo Yaeda au Munguli isiweze kufuata msimu wa matunda na asali? Na pale ambapo bweni haliepukiki, wazazi na mabibi waruhusiwe kuja, kukaa na kulala karibu na watoto wao. Mtoto anayejua kwamba bibi yake atakuja Jumamosi hana sababu ya kutoroka Alhamisi.

La nne ni kuwapata watumishi kutoka miongoni mwao. Wapo vijana wa Kihadzabe waliokwisha kusoma. Vyuo vyetu, kikiwamo Chuo cha Ustawi wa Jamii kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, viwatafute na viwapokee, kisha wapangiwe kazi nyumbani kwao.

La tano, ambalo ndilo msingi wa yote, ni ardhi. Huwezi kuisaidia familia huku ukiiacha ghala yake ikiporwa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa eneo la takriban hekta 20,000, wakisaidiwa na shirika la wananchi liitwalo Ujamaa Community Resource Team. Baadaye wakaanza kupata fedha za hewa ya ukaa kwa kuitunza misitu yao, na sehemu ya fedha hizo imetumika kwa walinzi wa misitu, matibabu na elimu ya watoto. Huo ni ustawi wa jamii wa kweli. Haukuivunja kambi hata moja.

MFANO WA WASANDAWE

Wanaodhani kwamba mtu wa porini hubadilika kwa kusukumwa tu na watazame karibu zaidi na Dodoma. Katika Wilaya ya Chemba, huko Kwa Mtoro na Farkwa, wanaishi Wasandawe, ambao lugha yao nayo ina sauti za kidoko. Mababu zao walikuwa wawindaji na wachumaji. Vizazi vingi vilivyopita walianza kulima na kufuga, wakijifunza polepole kutoka kwa majirani zao, huku wakiendelea kurina asali na kuijua misitu yao. Hakuna aliyewapakia kwenye malori ili waanze kulima. Walichagua wenyewe, kwa kasi yao wenyewe, na leo watoto wao wamo katika utumishi wa umma kama Watanzania wengine.

Huenda Wahadzabe wakachagua njia hiyo, au nyingine, au wakachanganya njia kadhaa, kama ambavyo wengi wao tayari wanafanya. Uchaguzi huo ni wao. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mtoto wao, atakapokuwa mtu mzima, anajua kusoma hati ya ardhi yake, na pia anaijua ardhi yenyewe inayotajwa katika hati hiyo. Mtoto aliyekosa mojawapo ataibiwa.

Serikali sasa imehamia Dodoma, na kutoka ofisi za Mtumba mpaka kwa Wasandawe na Wahadzabe si mbali tena kama ilivyokuwa kutoka Dar es Salaam. Viongozi wa elimu na wa ustawi wa jamii hawana udhuru wa kutofika. Na wewe, ndugu mwalimu, siku utakapofungua daftari la mahudhurio ukakuta nafasi tupu mbele ya jina la mtoto wa Kihadzabe, usiharakishe kuandika "mtoro". Uliza kwanza kambi yao imehamia wapi na bibi yake ana hali gani. Kisha, kabla ya kumwita mgambo, nenda wewe.